Kama Huwezi Kuifungua, Si Yako

Ushauri rahisi kuliko wote Kenya ni huu: "Uza skrapu." Nimepewa na anko zangu watatu, na jirani mmoja wa ocha, na beste yangu wa Umoja ambaye hajawahi kushika spana maishani. Wote walikuwa wanasema juu ya trekta aliyoniachia babu: Massey Ferguson 135, iliyokaa miaka tisa chini ya mparachichi nje kidogo ya Kitale. Mwenye lori la vyuma alikuwa tayari na elfu arobaini na tano mkononi. Nilikataa. Na kwa sababu bado naambiwa nilikataa kwa ajili ya hisia, skizeni.

Nchi hii inapenda tingatinga ikiwa picha. NDP iliibeba kama alama ya chama kwenye kura ya 1997, na Raila Odinga akabaki na jina la Tinga. Lakini tukiikuta kwa shamba imezima, tunaona kilo tu.

Hiyo 135 iliundwa kati ya 1964 na 1975. Leo inahesabiwa trekta ndogo: nguvu za farasi 45 hivi, injini ya Perkins ya silinda tatu. Haina skrini wala kompyuta. Chochote kinachofanya kazi ndani yake unaweza kukiona, kukigusa na kukifungua. Babu aliishia darasa la nne, na aliitunza kwa daftari la shule: tarehe, oili, filta, pesa iliyotumika. Kurasa na kurasa za hati yake iliyolala upande.

Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo miaka mitatu katika chuo kimoja cha umma, kabla karo haijanitoa. Kwa miaka hiyo yote hakuna mtu aliyenipa injini nifungue. Nilichora pistoni, nikapiga hesabu ya pistoni, nikapita mtihani wa pistoni. Ya kwanza kuishika mkononi ilikuwa ya babu.

Aliyenionyesha ni fundi asiye na cheti hata kimoja, anayefanya kazi chini ya turubai pale Kitale. Injini ilikuwa imeshika kwa kutu, haizunguki. Watu wakasema tuifunge kwa lori tuivute mpaka iwake. Fundi akakataa. "Kijana, hii haijafa. Imelala tu. Mtu aliyelala huamshi kwa kofi." Akatoa injekta, akamimina oili ndani ya kila silinda, akaniambia nirudi baada ya siku nne. Siku hiyo tukaizungusha kwa mkono, robo mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka ringi zikaachilia. Kisha tukaosha tangi, tukabadilisha filta, tukapeleka pampu ikapimwe, na mwishowe tukatoa hewa kwenye paipu za dizeli, nati moja baada ya nyingine, mpaka povu likaisha. Spea si kitendawili: TAFE ya India na Millat ya Pakistan zimeendelea kuunda trekta za ukoo huu, na seti ya gasketi niliipata Kirinyaga Road siku moja tu.

Sasa niambieni: kati ya mimi na huyo fundi, nani msomi? Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya iliuonyesha ulimwengu kwamba hii kazi tunayoiita jua kali ni uchumi kamili. Zaidi ya miaka hamsini baadaye bado tunamtisha mtoto mvivu kwamba ataishia gereji.

Najua hesabu yenu. Miezi minane, elfu mia moja sitini na nane, kwa mashine kuu. Haya, tupige hesabu yote. Nyanya yangu alikuwa akisubiri trekta ya kukodi kila Machi, anapigia simu watu wasioshika, mvua inaanza na shamba bado halijaguswa. Mahindi yakipandwa kwa kuchelewa, hakuna hotuba ya kuyaokoa. Msimu uliopita tulilima ekari tatu zake kabla ya mvua, kisha nane za majirani kwa malipo. Ile elfu arobaini na tano ingegawanywa kwa familia na kuisha kabla ya Pasaka.

Lakini hata kama hesabu ingekataa, ningebaki hapa hapa, kwa sababu hili jambo ni kubwa kuliko shamba letu. Nchini Marekani wakulima wamegombana na John Deere kwa miaka, kwa sababu trekta ikikwama, programu kamili ya kusoma hitilafu iko kwa mawakala wa kampuni. Mwaka 2023 jimbo la Colorado likapitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wawape wakulima spea, zana, programu na miongozo. Januari 2025 serikali kuu yenyewe, kupitia tume yake ya biashara, ikaishtaki Deere mahakamani. Na mnakumbuka 2022, mashine za shamba zilizoibwa Melitopol, Ukraine, zikapelekwa Chechnya na huko zikazimwa kutoka mbali? Tulishangilia wezi kuaibishwa. Wachache waliuliza: kama swichi iko, kesho itamzima nani?

Hapa kwetu swichi hiyo tayari iko mfukoni. Simu ya lipa polepole, ukikosa malipo, inajifunga na kukuangalia. Tumezoea mpaka tunacheka nayo. Kesho itakuwa boda ya umeme, keshokutwa trekta mpya ya kaunti, imefungwa utepe, imepigwa picha, na siku ikileta taa nyekundu hakuna mtu kaunti nzima mwenye ruhusa ya kujua taa hiyo inasema nini.

Sisemi kila chuma kikuu ni mali. Ya babu inatoa moshi. Haikuja na fremu ya kumkinga dereva ikipinduka, na trekta ikipinduka huua. Ndiyo maana nimelipia fremu kabla ya rangi. Trekta mpya ni salama zaidi, na anayeweza kuinunua anunue. Ninachokataa ni kununua kitu tusichoruhusiwa kukijua. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyolipia. Kama mwongozo wa kutengeneza trekta si habari ya aina hiyo, basi ni nini?

Kwa hivyo kaunti isitie sahihi ya kununua trekta hata moja bila mwongozo wa ufundi, programu ya kusoma hitilafu, ahadi ya spea iliyoandikwa, na nafasi ya mafunzo kwa mafundi wa pale pale. Vyuo vya uhandisi viweke injini kuukuu mezani mwaka wa kwanza, wanafunzi wachafuke. Na wewe unayesoma hii kwa simu: kabla ya kununua chochote chenye waya, muulize muuzaji ni nani mwingine anaweza kukifungua. Akikujibu ni wao peke yao, jua unalipa bei ya kununua ili upewe kitu cha kukodi.

Halafu ukipeleka kitu kwa fundi, akutajie bei yake, lipa. Huwezi kubembeleza mia mbili kwa mtu anayeijua mashine yako, kisha ukamlipa elfu kumi aliyeifunga.