Mjamzito Aliyepata Ajali Asingojeshwe Benchini

Juma hili hatuandiki juu ya bei ya kakao wala juu ya mpunga wa Kyela. Twaandika juu ya mama aliyeupanda mpunga huo. Ana mimba ya miezi 7, amepakiwa nyuma ya pikipiki kutoka Ipinda kwenda Kyela mjini, na pikipiki imeteleza. Ameinuka, amejipangusa tope, na watu waliomzunguka wamesema, "Mungu mkubwa, hakuna damu." Amefika penye matibabu, ametazamwa kwa macho tu, kisha ameambiwa moja kati ya mambo mawili: akalete kwanza karatasi ya polisi, au arudi nyumbani kwa kuwa hana jeraha.

Mfano huu si habari ya mtu mmoja wa kutajwa jina. Yeyote anayezijua njia za huku aweza kuumalizia mwenyewe. Sisi twasema wazi tangu mwanzo: mama mjamzito aliyepata ajali ni mgonjwa wa dharura, hata kama hana mchubuko, na abaki kuwa mgonjwa wa dharura mpaka mganga amempima na kuthibitisha kwamba yeye na mtoto wake wako salama. Hayo ndiyo maneno yetu yote ya leo. Yanayofuata ni kuyaeleza, na kuwajibu wale watakaoyakataa.

Barabara ya lami inayotoka Uyole, ikapita Tukuyu na kushuka hadi Kasumulu kwenye mto Songwe, ni njia ya watu wetu na ni njia ya malori yaendayo Malawi. Malori hayo hushuka milima ya Rungwe yakiwa na shehena nzito, na yafikapo bondeni hukutana na bodaboda, baiskeli, ng'ombe na watoto wa shule. Kuanzia Machi hadi Mei mvua hupiga kwa nguvu, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa, na njia za vijijini huwa utelezi mtupu. Hatuilaumu lami. Tuliitaka na tumefaidika nayo. Lakini barabara inayoleta mwendo wa kasi bila kuletwa huduma ya wanaoumia ni kazi iliyofanywa nusu.

Sasa sikilizeni kwa nini twasema kutazama kwa macho hakutoshi. Mwili wa mama mjamzito si kama mwili wa mtu mwingine. Kuelekea mwisho wa mimba damu yake huwa imeongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida. Kwa hiyo aweza kupoteza lita 1 na zaidi ndani kwa ndani, na bado presha yake isishuke, na bado akajibu salamu. Lakini mwili wake, ili uokoe moyo na ubongo wa mama, huanza kwanza kupunguza damu iendayo kwenye mji wa mimba. Maana yake mtoto huanza kuumia wakati mama bado anaonekana mzima. Anayesema "huyu hana kitu" anamtazama mgonjwa mmoja, naye mbele yake wako wawili.

Tena iko hatari nyingine kubwa kuliko jeraha la nje. Mji wa mimba hunyumbuka unapotikiswa, lakini kondo la nyuma halinyumbuki hivyo. Mtikisiko wa ajali, hata ile inayoonekana ndogo, waweza kulibandua kondo kutoka mahali liliposhikana. Likibanduka, mtoto hukosa hewa na chakula, na mama huvuja damu. Mara nyingine damu hiyo hutoka nje ikaonekana. Mara nyingine hujifungia ndani, isionekane hata tone. Dalili zaweza kuwa maumivu ya tumbo, tumbo kuwa gumu, uchungu kabla ya wakati, maji kutoka, au mtoto kupunguza kucheza. Dalili hizo zaweza kuja baada ya saa kadhaa, wakati mama amekwisha rudi nyumbani Ngonga au Mwaya, giza limeingia na mvua inanyesha. Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa methali hiyo haina mafumbo hata kidogo.

Ndiyo maana waganga duniani kote wanafundishwa kwamba mjamzito mwenye mimba kubwa aliyepata ajali asiruhusiwe kuondoka kabla ya kuangaliwa kwa muda usiopungua saa 4, na azidishiwe muda, hata kufikia siku nzima, ikiwa ana maumivu, damu au uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe mara kwa mara, si mara moja tu. Damu ya mama ipimwe kundi lake. Ikiwa ni ya kundi hasi, iko sindano inayopaswa kuchomwa ndani ya saa 72 ili damu yake isije ikapigana na ya mtoto. Na kama mganga anaona picha ya eksirei yahitajika ili kuokoa maisha, isizuiwe kwa sababu ya mimba. Kumwokoa mama ndiyo njia ya kwanza ya kumwokoa mtoto.

Tunajua jibu litakalotolewa. Watasema: "Hospitali zetu za mashambani hazina mashine." Ni kweli vifaa havitoshi, nasi hatutaacha kuvidai. Lakini twauliza: je, kusikiliza moyo wa mtoto kwa fetoskopu, ile pembe ambayo kila mkunga anaifahamu, kwahitaji mashine gani? Kupima presha kila baada ya muda kwahitaji mashine gani? Kuweka mkono juu ya tumbo ili kujua kama limekaza kwahitaji umeme wa wapi? Kumlaza mama kitandani kwa ubavu wake wa kushoto badala ya kumkalisha benchini kwahitaji bajeti ya mwaka gani? Mambo haya yahitaji mtu aliyeamua kwamba mama huyu asiondoke bado. Wauguzi wetu ni wachache, wanachoka, na wengi wao wanafanya kazi ya watu watatu. Hatupigani nao. Twapigana na mazoea.

Na mazoea mabaya kuliko yote ni kutanguliza karatasi. Fomu namba 3 ya polisi, ambayo wote tunaiita PF3, ina kazi yake. Ni ushahidi mahakamani, na humsaidia majeruhi kudai fidia ya bima, kwa kuwa sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kukikatia bima ya mtu wa tatu. Hatusemi fomu itupwe. Twasema fomu ni ushahidi, wala si dawa. Viongozi wa serikali wamekwisha kusema hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba majeruhi aliye katika hatari atibiwe kwanza na fomu ifuate. Basi kwa nini mama anayeshika tumbo atumwe kituo cha polisi? Na akaitafute mwenye miguu mizima! Askari aje hospitali, au ndugu aende kituoni, wakati mgonjwa yuko kitandani akihudumiwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huyo anayesema "nenda kwanza kachukue fomu" hajabeba tumbo lile.

Baada ya karatasi inakuja fedha. Serikali ilipoanza uchangiaji wa gharama katika hospitali zake mwaka 1993, iliwasamehe wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5. Msamaha huo twaujua. Lakini mjamzito akija na ajali, haulizwi tena kama mjamzito. Anageuka "majeruhi", na majeruhi hulipa. Huu ni ujanja wa maneno. Mimba haikubaki barabarani. Kama mama amesamehewa akiugua kwa sababu ya mimba, na asamehewe pia pale ajali inapoitia mimba hiyo hatarini. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Jambo hili lielezwe waziwazi katika utekelezaji wake, lisiachiwe huruma ya karani wa dirishani.

Wala tusijidanganye kwamba maneno ya sheria yatatosha peke yake. Wenzetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43, kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ni maneno mazuri. Lakini mwezi Oktoba 2015, katika jiji la Nairobi, mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya gari la wagonjwa kwa muda wa saa 18, akizungushwa toka hospitali hii hadi ile kwa kukosa kitanda cha mahututi, na mwisho akafa. Katiba yetu sisi ya mwaka 1977, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Jamii hiyo ni nani kama si dereva, askari, karani, mkunga na sisi tunaosoma gazeti hili?

Tuseme basi juu ya njiani. Upo mpango uitwao m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022 baada ya kuanzia Sengerema na Shinyanga. Namba yake ni 115, na kuipiga hakulipiwi. Mama mjamzito au mtoto mchanga akiwa hatarini, mpango humtafutia gari la wagonjwa, na lisipokuwapo hutumia gari la dereva wa mtaani aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mpango wala si na mgonjwa. Twataka namba hiyo ijulikane katika kila kijiwe cha bodaboda kutoka Kasumulu hadi Matema, na ieleweke kwamba mjamzito anayeumwa tumbo au kutoka damu baada ya ajali anahusika nayo. Lakini twauliza vile vile: wasio wajawazito walioumia barabarani wapige wapi? Nchi iliyoweza kumpangia mama usafiri wa dharura yaweza kumpangia kila majeruhi.

Naye dereva aliyegonga ana wajibu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka asimame. Anayekimbia na kumwacha mama mtaroni hana tofauti na mnyang'anyi. Na ninyi mnaokimbilia kusaidia, msimwinue majeruhi kama gunia la mpunga. Msimlaze chali kwa muda mrefu ikiwa mimba ni kubwa, maana uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Mlazeni ubavu wa kushoto. Mkihofia shingo au mgongo umeumia, mwili wote ugeuzwe pamoja, kichwa kikiwa kimeshikwa, bila kuupinda.

Akina mama nanyi msikubali kunyamazishwa. Ndani ya gari fungeni mkanda: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo juu ya nyonga, na ya juu ipite katikati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Kwenye pikipiki daini kofia ngumu. Mkianguka, hata kama mnajiona wazima, nendeni mkapimwe siku ile ile. Waume na akina mama wakwe, msiseme "atapumzika tu."

Haya ndiyo tunayoyadai, na twayadai kwa jina la wananchi wa Kyela na pwani yote ya ziwa. Kwanza, katika kila zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na kila itakayompokea njiani kuelekea Tukuyu na Mbeya, libandikwe tangazo la Kiswahili kwamba mjamzito aliyepata ajali huonwa mara moja, bila fomu na bila fedha. Pili, asiruhusiwe kuondoka kabla ya saa 4 za kuangaliwa, na saa hizo ziandikwe katika kadi yake ya kliniki. Tatu, ikiwa anahitaji damu au upasuaji usiopatikana hapo, apelekwe mbele kwa gari, akiwa na muuguzi, na hospitali aendako ipigiwe simu kabla hajafika. Nne, viongozi wa afya wa wilaya watoe hesabu mbele ya madiwani, kila robo mwaka, ya majeruhi wajawazito waliopokelewa na yaliyowapata.

Nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilitaja maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Mama huyu anayezungushwa kati ya kituo cha polisi na dirisha la malipo anapigwa na wote watatu kwa siku moja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kila tawi na lisome makala haya mkutanoni, na lichague watu wawili waende zahanati yao kuuliza: tangazo liko wapi? Wakijibiwa "ngojeni", na wakae pale pale benchini mpaka libandikwe.