Ruaha Mbuyuni: kazi za safari ni za familia nzima

Shule zinapofungwa, familia zetu nyingi hutoka Dar es Salaam na Morogoro kwa magari yao kwenda Iringa na Mbeya kuunga udugu. Baada ya Mikumi hufika Ruaha Mbuyuni, bondeni penye joto na mibuyu, karibu na Mto Ruaha Mkuu, ambako vitunguu hupangwa kando ya njia. Mbele yao unangoja Mlima Kitonga, wenye kona kali na malori yapandayo kwa taabu. Hapo ndipo tunapowaomba wasomaji wetu wasimame, na wasimame kwa kazi.

Tumezoea kuona jambo moja kituoni. Baba huteremka akakaa kivulini. Watoto hukimbilia soda. Mama hubaki na yote: kupakua chakula, kumbadilisha mtoto nepi, kuokota taka, kujaza maji. Gari halitazamwi na yeyote. Wakiondoka, mama amechoka kuliko alivyoteremka. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiihudumia ahali yake nyumbani. Gari la safari nalo ni nyumba. Kwa nini huduma yake ibebwe na mmoja?

Kijana aliyekwisha balehe apewe gari. Alizunguke, atazame matairi na uvujaji chini ya injini, afute kioo na taa. Aonywe mambo mawili. Kwanza, mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, kwani maji yaliyobanwa humo huruka na kuunguza. Atazame kiwango cha maji kwenye chupa ya akiba kwa nje. Pili, tairi lililotembea safari ndefu hujaa zaidi kwa joto, basi asilipunguze upepo; kipimo sahihi huchukuliwa alfajiri nyumbani, kabla ya kuondoka.

Wadogo, wa kike na wa kiume, wakusanye taka na kukunja mikeka. Baba naye ambadilishe mtoto nepi. Anayeshika usukani, awe baba au mama, kazi yake kubwa ni kupumzika. Msafiri ameruhusiwa kufupisha swala za rakaa nne ziwe mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Muda uliopatikana hapo usigeuzwe kuwa mbio. Dereva alale nusu saa, kwa kuwa usingizi hauna adabu kwenye kona za Kitonga.

Wakati wa kurudi, mlima huo huteremkwa. Dereva aingize gia ya chini tangu juu, injini ilizuie gari, kwa sababu breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Na vitunguu vikinunuliwa, gunia lisilaliwe juu ya tairi la akiba na jeki. Pancha ikitokea usiku, watoto watajikuta wakishusha vitunguu gizani kando ya malori.

Basi kabla ya likizo ijayo familia ikae, iandike majina na kazi za kila mmoja kwenye karatasi, jina la baba likiwemo, na karatasi hiyo ikae ndani ya gari.

Wabillahi tawfiq.