Gesi ya Jokofu la Chanjo Isishikwe na Asiye na Cheti

Katika hospitali na vituo vya afya vya Tanzania, mkono unaomgusa mgonjwa hupimwa kwanza. Muuguzi hana ruhusa ya kuchoma sindano bila leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na mfamasia hatoi dawa kabla ya kusajiliwa na Baraza la Famasi. Lakini jokofu linalotunza chanjo, insulini, oksitosini au damu linapoacha kupoza, mara nyingi huitwa fundi aliye karibu, naye huulizwa maswali mawili tu: atamaliza lini, na atatoza kiasi gani. Swali la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, haliulizwi: gesi iliyomo ndani ya jokofu hilo ataipeleka wapi, na ni nani aliyemfundisha kuishika?

Jibu la swali hilo husikika kwa masikio. Mrija wa shaba hukatwa, gesi hutoka kwa mlio mkali, na baada ya dakika chache kazi huendelea kana kwamba hakuna kilichopotea. Kitendo hicho kimezoeleka kiasi kwamba hakuna anayekiita kosa. Umefika wakati wa kukiita kwa jina lake, na wa kuitaka kila taasisi ya afya isimruhusu mtu yeyote kufungua mfumo wa gesi wa jokofu au kiyoyozi chake asipokuwa na cheti cha mafunzo ya kukusanya na kusafisha gesi hizo kwa usalama.

Madhara ya kuachia gesi huanzia chumbani. Gesi nyingi za kupozea ni nzito kuliko hewa. Zikivuja katika chumba kidogo kisicho na madirisha, hutanda chini na kuchukua nafasi ya hewa yenye oksijeni, na fundi aliyeinama kwenye kompresa ndiye wa kwanza kuikosa. Nyingi hazina harufu ya kumwonya. Baadhi yake, zikivutwa kwa wingi, huufanya moyo ushtuke upesi kwa adrenalini, hata mapigo yakavurugika ghafla. Kwa sababu hiyo aliyevuta gesi hutolewa kwenye hewa safi, hutulizwa na kulazwa, wala haachwi akimbie huku na huko. Tabibu anayempokea naye hana budi kuambiwa ni gesi gani, kabla ya kufikiria dawa za jamii ya adrenalini. Gesi iliyo katika hali ya kimiminika, kama R-134a inayochemka kwenye nyuzijoto 26 chini ya sifuri, huunguza ngozi na macho kwa baridi. Na gesi zenye klorini au florini zikikutana na mwali wa kuchomelea huvunjika na kutoa asidi kali zinazoumiza mapafu.

Hospitali ina hatari yake ya pekee, nayo ni mtungi wa oksijeni ulio karibu. Fundi asiyefundishwa, anapotafuta tundu linalovujisha, anaweza kushawishika kuujaza mfumo oksijeni ili kupata mgandamizo wa kupimia. Oksijeni yenye mgandamizo mkubwa ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kulipuka. Kazi hiyo hufanywa kwa naitrojeni kavu inayopitishwa kwenye kidhibiti mgandamizo, na aliyepita darasani hujifunza hilo mapema.

Hatari nyingine imekuja pamoja na maendeleo. Majokofu mengi mapya ya chanjo, yakiwemo yanayotumia umeme wa jua, hupozwa kwa R-600a, yaani isobutani, iliyo ya jamii moja na gesi ya kupikia. Gesi hiyo haidhuru ozoni, na mchango wake katika joto la dunia ni mdogo mno, lakini inawaka. Fundi aliyezoea gesi za zamani akiwasha mwali kwenye mrija ambao bado una isobutani, anakiweka hatarini chumba kizima na waliomo. Tena, mashine iliyotengenezwa kukusanya gesi zisizowaka haifai kwa gesi hii. Uzoefu wa miaka 20 wa kushika gesi za aina moja hautoshi kumlinda mtu anapokutana na aina nyingine.

Nje ya chumba, habari yake inajulikana zaidi. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza jinsi klorini inayotoka katika gesi za klorofluorokaboni inavyoweza kuliharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza waliripoti upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika, na tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ikatiwa saini. Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993. Ozoni huchuja mionzi ya urujuanimno, ambayo huchangia saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Ni kweli kwamba upungufu wa ozoni ulikuwa mkubwa zaidi kwenye ncha za dunia kuliko kwenye ikweta. Lakini jua la ikweta tayari ni kali, na watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwashambulia wangali vijana, hawana kinga ya ziada ya kupoteza.

Gesi zilizochukua nafasi ya zile za kwanza hazina klorini, ila huzuia joto lisitoke duniani. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya R-134a ikiachiwa hewani huongeza joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi, na kilo moja ya R-410A, inayopatikana katika viyoyozi vingi vya ukutani, huzidi kilo 2,000. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016, yakakubaliana kuzipunguza gesi hizo hatua kwa hatua. Nayo R-22, ambayo bado ina klorini, inatakiwa kuondolewa katika nchi zinazoendelea ifikapo mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Hospitali yenye viyoyozi vya zamani katika chumba cha upasuaji au maabara haina budi kulitafakari jambo hilo, kwa kuwa gesi inayoachiwa leo ndiyo itakayotafutwa kesho kwa bei kubwa.

Mafunzo yanayodaiwa hapa hayana fumbo. Kukusanya ni kuitoa gesi kwenye mashine na kuiingiza katika mtungi maalumu. Kusafisha ni kuitenganisha gesi hiyo na mafuta, kisha kuipitisha kwenye vichujio vinavyonyonya unyevu na asidi ili itumike tena. Ipo pia hatua ya tatu, ya kuirudisha gesi kwenye ubora wa gesi mpya, lakini hiyo huhitaji mitambo mikubwa na uthibitisho wa maabara. Fundi hujifunza kwamba mtungi wa kukusanyia haujazwi kupita asilimia 80 ya ujazo wake, kwa sababu kimiminika hutanuka kwa joto na mtungi uliojaa pomoni huweza kupasuka. Kwamba mtungi wa kutumika mara moja haujazwi tena. Kwamba gesi mbili hazichanganywi katika mtungi mmoja. Na kwamba gesi hupimwa kwa mizani inapoingia na inapotoka, haikisiwi kwa macho.

Hujifunza pia kutoamini maandishi ya mtungi peke yake. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka na kuua mafundi watatu, wawili nchini Vietnam na mmoja nchini Brazili. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya mifumo hiyo iliingizwa gesi bandia yenye kloraidi ya methili, ambayo ikikutana na alumini huzaa kemikali inayowaka mara tu inapoguswa na hewa. Katika mkasa kama huo, anayejua kuipima gesi kabla ya kufungua mfumo huokoa nafsi yake na za wengine.

Wapo watakaosema kwamba sharti la cheti litawanyang'anya kazi mafundi wa mtaani, ambao kwa miaka mingi wameyaweka hai majokofu ya zahanati pasipo mtu kuwashukuru. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini mlango wao upo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambao humpima mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa, humwongezea alichopungukiwa, kisha humtambua kwa cheti. Somo la gesi za kupozea linaweza kupita katika njia hiyo hiyo. Fundi mzoefu hahitaji kufundishwa upya jinsi kompresa inavyofanya kazi. Anahitaji siku chache za usalama, za mashine ya kukusanyia na za gesi zinazowaka, na mtihani wa vitendo mwishoni.

Wengine watataja gharama. Mashine ya kukusanyia gesi, mtungi wake, mizani na pampu ya kuondolea hewa ni vitu ambavyo fundi mmoja mmoja hawezi kuvinunua kwa urahisi. Hilo nalo ni kweli, na dawa yake ni kushirikiana: seti moja iwekwe chini ya hospitali ya mkoa au ya wilaya, na mafundi wenye cheti waiazime kwa saini. Zaidi ya hapo, muda wa kukusanya gesi ulipwe. Ankara ya matengenezo isiyo na mstari wa malipo ya kazi hiyo humfundisha fundi kwamba kuiachia gesi ndiyo njia ya kulisha familia yake. Mafunzo hayashindi njaa. Ni lazima malipo yaende sambamba nayo.

Marekani ilitambua kwamba cheti peke yake hakina meno. Huko, kuachia hewani gesi zinazoharibu ozoni wakati wa matengenezo kulipigwa marufuku mwezi Julai 1992, na tangu Novemba 1994 asiye na cheti haruhusiwi kufungua mfumo wa gesi hizo. Mtihani umegawanywa kwa aina za mashine, kuanzia majokofu madogo hadi mitambo mikubwa. Lakini kilichokipa cheti nguvu ni sharti lililoambatana nacho: gesi hizo huuzwa kwa wenye cheti. Jambo la kuiga katika utaratibu huo ni kwamba mnunuzi na muuzaji wote wamefungwa na sharti moja.

Hospitali ni mnunuzi mkubwa wa huduma hii, na nguvu hiyo iko mikononi mwake hata kabla ya sheria mpya kutungwa. Mganga mfawidhi anaweza kuandika katika mkataba wa matengenezo kwamba anayefungua mfumo wa gesi awe na cheti, kwamba gesi ikusanywe, na kwamba kiasi kilichotolewa na kilichorudishwa kiandikwe katika daftari la jokofu. Anaweza kukataa kulipa ankara isiyo na takwimu hizo. Vyuo vinavyofundisha ufundi wa vifaa tiba navyo vina wajibu wa kutomwachia mwanafunzi ahitimu pasipo kukusanya gesi kwa mikono yake.

Muuguzi anayesimamia chanjo ana sehemu yake. Kabla fundi hajaanza kazi, chanjo zihamishiwe kwenye kisanduku baridi, madirisha yafunguliwe, na mtungi wa oksijeni uondolewe. Kazi ikiisha, chanjo zisirudishwe mpaka kipimajoto kimethibitisha kwamba jokofu limetulia kati ya nyuzijoto 2 na 8, kwa sababu jokofu lililotengenezwa vibaya huweza kugandisha, na chanjo ya homa ya ini B au ile ya pentavalenti ikiganda huharibika.

Mgonjwa wa kisukari anayetunza insulini katika jokofu la nyumbani naye anaweza kumuuliza fundi wake kama anao mtungi wa kukusanyia gesi, na kumwomba aoneshe cheti chake. Wanaouliza wakiwa wengi, mafundi watakitafuta cheti hicho wenyewe. Na kwa hospitali, mwaka wa fedha huanza Julai: mikataba ya matengenezo inapoandaliwa, sharti hilo linahitaji aya moja tu.