Injini ya gari kuukuu ziwani? Fikiri kabla ya kupakia abiria

Barua ya wiki hii imetoka kwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha ufundi hapa Nairobi. Baba yake mdogo ana Peugeot 504 ya petroli ambayo imekaa uani miaka mingi. Mwili wa gari umeliwa na kutu lakini injini ingali nzima. Familia imekutana na kuafikiana kwamba injini hiyo, pamoja na gia zake, ing'olewe na kutiwa katika mashua ya mbao itakayobeba abiria na mizigo kati ya Mbita na kisiwa cha Mfangano. Kila mtu ametakiwa kutoa mchango kabla ya Krismasi. Kijana anauliza: je, jambo hili lawezekana?

Lawezekana, tena si geni. Kampuni ya Yanmar ya Japani iliuza kwa miaka mingi injini ya mashua iliyoundwa kutokana na ile ya lita 4.2 ya Toyota Land Cruiser. Wala hatuna shaka na 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Lakini angalia wanachofanya wenye viwanda: huchukua chuma cha injini, kisha vitu vingi vinavyoizunguka huvibadilisha. Familia ya kijana wetu inataka kuhamisha kila kitu jinsi kilivyo, na hapo ndipo penye hatari.

Gari likienda Nakuru hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake kwenye tambarare, na likiteremka injini hupumzika. Ziwani hakuna mteremko. Rafadha, ambayo mafundi wengi huiita propela, husukuma maji tangu mnapoondoka hadi mnapofika. Ni kama gari linalopanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru kutwa nzima bila kufika Limuru! Isitoshe, ukitaka rafadha izunguke mara mbili zaidi, nguvu inayohitajika huongezeka mara 8.

Joto la kazi hiyo litakwenda wapi? Rejeta hutegemea upepo wa barabarani, nayo injini ya mashua aghalabu hufungiwa ndani ya sanduku la mbao. Wako wanaovuta maji ya ziwa na kuyapitisha moja kwa moja ndani ya injini, lakini matope na mizizi ya gugumaji huziba njia. Afadhali mabomba yafungwe nje, kando ya mkuku, na maji safi ya injini yazunguke humo yakipozwa na ziwa. Kwa walio Mombasa na Lamu, maji ya chumvi yasiingie ndani ya injini hata kidogo; yatakula alumini ya kichwa chake. Bomba la moshi nalo, bila upepo, hupata joto la kuweza kuchoma mbao zilizo karibu. Kwenye injini za mashua sehemu hiyo huvikwa koti la maji.

Sasa tuje kwenye gia, ambazo mafundi wetu wa juakali hupenda kuziacha zilivyo kwa kuwa zimekuja bure. Barabarani, tairi ndizo zinazolisukuma gari. Shafti iliyo ndani ya gia kazi yake ni kuzunguka. Majini, rafadha huisukuma shafti kuelekea omo, na msukumo huo ndio unaoendesha chombo chote. Ukiuacha uishie kwenye gia za gari, beringi zitalia muda si mrefu. Lazima pawe na beringi maalumu ya kupokea msukumo, iliyofungwa kwenye mbao imara za mashua yenyewe. Gia zilizoundwa kwa ajili ya mashua huwa nayo tayari.

Halafu kuna mwendo. Gia ya juu ikiizungusha rafadha sawa na injini, hiyo ni kasi inayofaa mashua nyepesi ya mashindano. Mashua iliyojaa watu na magunia inataka rafadha kubwa inayozunguka polepole. Ukitumia gia ya tatu utapunguza kasi, lakini meno yake hayakuundwa kubeba mzigo huo kwa saa nyingi mfululizo, na oili yake itachemka. Gia ya nyuma, ambayo majini ndiyo breki, itaizungusha rafadha polepole mno. Mtagonga gati.

Haya yote yana dawa, fundi akiwa na subira na fedha. Linalonitia hofu hasa ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Kabureta ya gari ikivuja, mvuke huanguka barabarani ukapeperushwa. Katika mashua huteremka hadi kwenye ngama, pale chini yanapokusanyika maji machafu, ukakaa papo hapo. Stata na oltaneta za gari hutoa cheche wazi. Nahodha anawasha injini asubuhi, abiria wameketi juu ya sanduku lile... Injini za petroli za mashua huwa na stata iliyozibwa, wavu wa kuzuia moto kwenye kabureta na feni ya kutoa mvuke, ambayo huendeshwa angalau dakika 4 kabla ya kuwasha.

Utaniambia kwamba Thailand mashua nyembamba hubeba watalii kila siku zikitumia injini za magari. Ni kweli. Lakini wao wameiweka injini hadharani juu ya mhimili unaogeuka, na rafadha iko mwishoni mwa shafti ndefu bila gia zozote. Mvuke hauna pa kujificha.

Kwa hivyo kijana, waambie wazee hivi, kwa heshima: injini ya petroli iliyofungwa sandukuni isibebe abiria. Iuzeni Grogan, au ifungeni ufuoni ivute maji ya kunyunyizia sukumawiki. Mchango utumike kutafuta dizeli iliyo na gia za mashua, hata kama ni kuukuu. Jaketi za kuokoa maisha zinunuliwe kabla ya rangi, na Mamlaka ya Bahari ya Kenya ikague chombo kabla ya safari ya kwanza. Siku ya majaribio msiende popote. Ifungeni mashua gatini kwa kamba nene, tieni gia, na iacheni injini ivute kwa saa 2 mkitazama joto, oili na ngama. Abiria wangoje nchi kavu.