Jimbo la Kusini na Kura ya Asiyesoma

Kila uchaguzi unapopita hawakosekani wasomi wenzangu, tena walimu wastaafu, wanaolalamika kwamba kura imekuwa rahisi mno. Asiyejua kusoma, wasema, asipewe. Walau mtu awe na cheti cha kidato cha nne. Huisema hoja hii kana kwamba wameivumbua wao. Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tunaijua. Baba zetu waliwekwa nje ya mlango kwa hoja hiyohiyo, katika jimbo ambalo leo halipo tena.

Liliitwa Jimbo la Kusini. Siku hizo jimbo lilikuwa ni eneo kubwa la utawala, na katika uchaguzi wa 1958 na 1959 likafanywa pia eneo la uchaguzi. Lilianzia Kilwa na Lindi pwani, likashika Mtwara, Newala, Masasi na Nachingwea, likapita Tunduru hadi Songea. Leo ni mikoa mitatu. Upana wote huo ulipewa viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua wote watatu, la sivyo karatasi yake imeharibika. Kwa ajili ya sharti hilo TANU ilinusurika kupasuka mkutanoni Tabora, Januari 1958. Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki. Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda ANC.

Habari ya kura tatu imeandikwa sana. Linalopitwa haraka ni nani aliruhusiwa kuzipiga. Ilitakiwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo kinachotambuliwa. Nchi ya watu karibu milioni 9 ikapata wapiga kura wasiofika laki moja.

Sasa, mwalimu mwenzangu, tazama aliyebaki nje. Ni kibarua aliyefyeka pori la Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947. Mpango ule ulibuniwa na mabingwa wenye shahada, waliozikagua ardhi zetu kwa wiki chache tu. Kufikia 1951 ulikuwa umekufa, na Serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya pauni milioni 36 hivi. Mabingwa wale hawakunyimwa kura kwao kwa kosa hilo. Aliyelijua pori, mvua zake na udongo wake ugumu wa kiangazi, ndiye aliyeambiwa hana akili ya kuchagua.

Mwaka 1960 masharti yalilegezwa: kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kipato cha pauni 75, au cheo. Viti vilikuwa 71, na 58 havikuwa na mpinzani, kwa hiyo wengi hawakupiga kura yoyote.

Mwaka 1965 ndio jibu langu kubwa. Kila mtu mzima alipiga kura, na kwa wasiosoma kulikuwa na alama mbili, jembe na nyumba. Hao wasiosoma walifanya nini? Wakishirikiana na majirani zao waliosoma, waliwaangusha mawaziri, akiwemo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, kule Mwanza. Sikumbuki baraza la wasomi lililowahi kuthubutu hivyo. (Nimekaa katika mabaraza ya walimu miaka mingi, na mikono yetu hupanda upesi sana mkubwa akiwapo.)

Wataniambia mjinga hununuliwa kwa kanga na kilo ya sukari. Kweli, wapo wanaonunuliwa. Lakini kanga hizo huletwa na nani kama si mtu mwenye vyeti? Adhibuni mnunuzi kwanza.

Na anayetaka kuyarudisha masharti ya 1959 aje Ruangwa siku ya mnada wa ufuta. Amtafute mama asiyejua kusoma, anayetaja kichwani kilo zake, makato na bei ya mnada uliopita, amweleze yeye mwenyewe, mbele ya mizani, kwa nini asipige kura.