Bunduki Haikuwa Kinga ya Mlima Elgon

Hivi majuzi nilialikwa kuwa mwamuzi wa mjadala wa wanafunzi katika shule moja isiyo mbali na mji wa Kitale. Hoja iliyoletwa mbele yetu ilikuwa kwamba Katiba ya Kenya impe kila raia haki ya kumiliki bunduki, ili serikali isithubutu kumwonea. Waliounga mkono walishinda. Mimi mwenyewe niliwapa alama nyingi, maana walizungumza kwa ufasaha na wapinzani wao walibabaika. Hata hivyo, tangu siku hiyo hoja yao imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, nami naomba ruhusa ya wasomaji, hasa walimu wenzangu, nirudi uwanjani.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyewashinda wenzake. Alisema kuwa lau wazee wa Mlima Elgon wangalikuwa na bunduki mnamo 2008, jeshi lisingalithubutu kuwakusanya na kuwatesa. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Waliotunga Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa 1791, walikuwa wametoka kupigana na mfalme, nao waliamini kuwa raia mwenye silaha ni vigumu kukanyagwa. Juni 26, 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, hata ya kujilinda nyumbani mwake. Tarehe hiyo hiyo, kwa kisa cha ajabu, ndiyo Umoja wa Mataifa huadhimisha siku ya kuwakumbuka wahanga wa mateso. Na mkulima wa mpakani mwa Trans Nzoia na Pokot Magharibi, ambaye ng'ombe wake huchukuliwa usiku na askari wakafika jua limekwisha kuwaka, hahitaji kusomewa historia ya Marekani ili atamani bunduki. Simlaumu hata kidogo.

Lakini yule binti alisahau jambo moja: mlimani bunduki zilikuwepo. Zilikuwepo kwa wingi kabla ya mwanajeshi yeyote kufika.

Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, mpango wa makazi ulioanza 1971 na ambao serikali moja baada ya nyingine iliugawa na kuugawa upya, ndio uliozaa kundi la Sabaot Land Defence Force mnamo 2006. Jina lenyewe ladai ulinzi wa ardhi. Vijana walijihami, wakasema wanawakinga watu wao na dhuluma ya serikali. Haukupita muda wakaanza kutoza kodi, kuhukumu, kukata watu masikio na kuua. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria kuwa waliouawa na kundi hilo walizidi 600, wengi wao wakiwa majirani, hata Wasabaot wenzao. Maelfu walikimbilia Kimilili, Bungoma na Kitale wakiwa na vyungu kichwani. Kwa hiyo bunduki ya raia haikuipunguzia serikali nguvu. Ilianzisha serikali ya pili, isiyo na bunge wala mahakama, na mwananchi akabanwa katikati.

Kisha, Machi 2008, ikaja Operesheni Okoa Maisha. Jeshi liliwachukua wanaume kwa maelfu, wakapelekwa kambi ya Kapkota kukaguliwa. Wengi walirudi na makovu. Baadhi hawakurudi kabisa. Mei mwaka huo kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei, aliuawa. Mlima ukatulia, nasi wengine tulioishi bondeni tukapumua, wala hatukuuliza sana utulivu ule ulinunuliwa kwa bei gani. Aibu hiyo ni yetu sote.

Wazee wa Bungoma watakumbusha kuwa mambo haya yana mizizi. Mnamo 1895 Wabukusu walijihami ndani ya ngome ya Chetambe, karibu na Webuye, na bunduki zilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowagombanisha na Waingereza. Walishindwa, kwa kuwa dola ilikuwa na silaha bora zaidi. Februari 1948 huko Malakisi polisi wa mkoloni waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa, watu 11 wakafa. Katika shindano la bunduki serikali huwa imetangulia mbali. Anayetaka kuidhibiti sharti aitafute mahali ambapo haikutangulia.

Mahali hapo ni wapi? Katiba ya 2010 haimpi raia haki ya bunduki. Kifungu cha 37 kinachomruhusu kuandamana chamtaka awe na amani na asiwe na silaha. Lakini kifungu cha 25 chasema kwamba uhuru wa kutoteswa hauwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Kifungu cha 241 chakataza jeshi kutumwa kutuliza ghasia ndani ya nchi bila idhini ya Bunge la Taifa. Mnamo Juni 2024, jeshi lilipotolewa kambini wakati wa maandamano ya vijana, watu walikwenda mahakamani kwa kushika kifungu hicho. Mahakama Kuu haikuzuia wanajeshi wasitoke, ila iliitaka serikali itangaze watakuwa wapi na kwa muda gani. Ni kidogo, nakubali. Watu wa Kapkota hawakupata hata hicho kidogo.

Nami sitaki kuwadanganya wanafunzi kwamba karatasi inatosha. Shirika la IMLU lilipeleka kesi ya mateso ya Mlima Elgon katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mnamo 2010. Machi 2012 kitengo cha rufaa kiliitupa, si kwa kuwa mateso hayakutokea, bali kwa kuwa haikuletwa katika muda wa miezi miwili uliowekwa na mkataba. Miezi miwili! Mtu aliyevunjwa mbavu huchukua zaidi ya hapo kujifunza kulala ubavu. Nyumbani nako, wake wa waliotoweka walilazimika kungoja miaka saba kabla sheria haijawakadiria waume zao kuwa wamekufa, na bila hati hiyo shamba halirithiwi.

Muhula ujao nimeombwa tena kuamua mjadala katika shule ile. Safari hii nimewapelekea walimu hoja yangu mwenyewe: kwamba kesi ya mateso isiwekewe kikomo cha muda katika mahakama yoyote ya Afrika Mashariki. Nimeomba yule msichana awe wa kwanza kuzungumza.