Pikapu ya Nyanya Haitaki Kulazwa Pua

Leo naweka pembeni mbegu na viuatilifu, tuongelee gari. Nawaona baadhi yenu vijana, mkishapata hela ya msimu mnanunua Hilux ya miaka ya 1990, na kitu cha kwanza ni kuipeleka gereji mjini Arusha ishushwe mbele, ikae "kishua". Msimamo wangu ni huu: kama gari hilo ndilo linaloshusha nyanya zako kutoka Ngarenanyuki, usilishushe kwa ajili ya urembo.

Mimi ni bwana shamba, si fundi, ila jambo lenyewe halina uchawi. Pikapu nyingi za zamani hazina springi za mviringo mbele. Zina fimbo mbili ndefu za chuma, moja kila upande, mafundi wanaziita toshenibaa. Tairi likipanda, fimbo inajisokota, likishuka, inarudi. Mwishoni kuna bolti: ukiilegeza pua inashuka, ukiikaza inapanda. Hakuna spea ya kununua, ndiyo maana inashawishi. (Hilux nyingine zina ekseli nzima na springi za mabamba mbele, kwa hiyo chungulia chini kwanza.)

Sasa, ile bolti haibadilishi ugumu wa fimbo. Inabadilisha kimo tu. Ulichopunguza ni nafasi ya tairi kupanda likikutana na shimo au jiwe. Nafasi ikiisha, chuma kinagonga ule mpira wa kuzuia, na mshindo unapanda kwenye chesesi, kwenye bodi, mpaka kwenye tenga. Ile barabara ya Ngarenanyuki kupitia Momella mnaijua wenyewe. Piga hesabu ya mishindo hiyo mpaka ufike lami ya Usa River.

Nyanya haioneshi jeraha saa ile ile. Unapakia nzuri, ngumu. Kesho yake sokoni Kilombero za chini zimelainika na kutoa maji, na mnunuzi anakushushia bei ya tenga zima. Umetunza zao miezi mitatu, hasara umeipata njiani.

Halafu kuna tairi. Gari likishushwa, tairi za mbele zinainamia ndani na uelekeo wake unabadilika. Usipofanya alaimenti, zinaliwa upande wa ndani, pale ambapo huangalii, mpaka waya utokeze.

Najua mtaniambia, "Bwana shamba, nikipakia mzigo pua inanyanyuka, taa zinamulika wenzangu usoni, usukani unakuwa mwepesi." Ni kweli, na ni hatari kwenye barabara ya Moshi usiku. Lakini kosa liko nyuma. Mzigo umekaa nyuma ya ekseli, au springi za nyuma zimechoka, au umezidisha tu. Sogeza matenga mazito yaelekee kwenye kebini, tengeneza springi, punguza mzigo.

Kuna hali moja ninayokubali kushusha: kama mwenye gari wa kwanza alikaza bolti kupita kiasi, pua ikawa juu kuliko kilivyotoka kiwandani. Hapo mwambie fundi alirudishe kwenye kimo chake. Anyanyue gari kwanza fimbo zipumzike, aweke alama kwenye bolti, ahesabu mizunguko pande zote mbili, kisha apime kimo kushoto na kulia kwenye sakafu iliyonyooka. Ukitoka hapo, nenda alaimenti moja kwa moja.

Tena pima kabla ya kugusa chochote. Fimbo za gari la miaka 30 mara nyingi zimeshachoka na kushuka zenyewe. Unaweza kukuta unalipa kushusha kitu ambacho kilishashuka.

Hela ya kulaza pua ni afadhali ununue shokapu nzuri na bushi mpya. Mtaani hakuna atakayekusifia, lakini tenga litafika sokoni likiwa zima, na bei utaipanga wewe.